Pat Summitt na Kazi ya Kocha Mkuu wa Mpira wa Kikapu wa Wanawake Vyuoni Marekani

Katika msimu wa 1974/75, Chuo Kikuu cha Tennessee kilichopo Knoxville kilimpa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye umri wa miaka 22 kazi ya kuiongoza timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe, na timu iliposafiri yeye ndiye aliyekuwa dereva. Hata hizo jezi zilikuwa zimepatikana mwaka uliotangulia kwa wachezaji kuuza donati. Mwanamke huyo, Pat Head, ambaye baada ya kuolewa alijulikana duniani kwa jina la Pat Summitt, alikaa katika kazi hiyo misimu 38. Mwezi Januari 2025, Chuo Kikuu cha South Carolina kiliongeza mkataba wa kocha wake, Dawn Staley, kwa malipo ya takriban dola milioni 4 kwa mwaka, kwa kazi yenye jina lilelile.

Umbali kati ya mishahara hiyo miwili hauelezeki kwa vikombe peke yake. Mara nyingi makocha hawa husimuliwa kwa hesabu ya ushindi, na hesabu hiyo humwacha msomaji wa huku kwetu na maswali ya msingi: chuo kinahusikaje na michezo ya kulipwa mamilioni, kocha anawapata wapi wachezaji ikiwa haruhusiwi kuwanunua, na kwa nini kazi hii ilianza kuwa na thamani katika kipindi kilekile ambacho wanawake wengi walianza kuipoteza. Ninaamini kwamba rekodi ya Summitt haisomeki vizuri mpaka mambo hayo yafunguliwe, kwa sababu alichofanya kwa sehemu kubwa kilikuwa kujenga kazi ambayo kabla yake haikuwapo.

Tuanze na chuo. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliufahamu utaratibu wa Marekani kupitia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyejiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume. Marekani haina klabu za kulea vijana kwa namna ya soka la Ulaya. Ngazi ya kati ya sekondari na ligi ya kulipwa ni vyuo, na michezo ya vyuo vikubwa inasimamiwa na chama kinachoitwa NCAA. Mchezaji hupewa ufadhili wa masomo, na kwa kawaida ana misimu minne tu ya kucheza. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa wafadhiliwa wasiozidi 15. Maana yake ni kwamba kila mwaka kocha huagana na wachezaji wake waliokomaa zaidi na kupokea mabinti wa miaka 18 ambao hawajawahi kulala mbali na nyumbani. Kocha wa klabu ya kulipwa anaweza kukaa na nyota wake miaka kumi. Kocha wa chuo hujenga nyumba ambayo robo yake hubomoka kila mwezi wa Aprili.

Sasa turudi nyuma, kabla ya fedha. Aliyesoma shule za msingi na sekondari za Tanzania au Kenya anaijua netiboli: kila mchezaji ana eneo lake, anayelinda hafungi, anayefunga harudi kulinda. Netiboli ilizaliwa kutokana na mpira wa kikapu wa wanawake, na fikra iliyouzaa utaratibu huo, kwamba mwili wa msichana haufai kukimbia uwanja mzima, ilitawala hata Marekani kwenyewe. Katika shule za sekondari za Tennessee wasichana walicheza sita kwa sita, watatu wakifunga upande mmoja na watatu wakilinda upande wa pili, bila kuvuka mstari wa kati. Vyuo vilihamia mchezo wa watano uwanja mzima mwaka 1971, lakini sekondari za Tennessee ziliendelea na sita hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na Summitt alikuwa miongoni mwa waliopigania mabadiliko. Alikuwa na sababu ya kikazi kabisa. Msichana aliyelinda tu tangu utotoni hufika chuoni akiwa hajawahi kufunga kikapu katika mechi, na hakuna kocha anayeweza kumkamilisha mchezaji wa namna hiyo katika misimu minne.

Yeye mwenyewe alijifunza mchezo mahali pasipokuwa na mipaka ya namna hiyo. Alizaliwa Juni 1952 mjini Clarksville, akakulia shambani pamoja na kaka watatu na mdogo wa kike. Kazi za shamba zikiisha jioni, watoto walipanda kwenye dari ya ghala la nyasi kavu, ambako kulikuwa na goli, wakacheza wawili kwa wawili hadi usiku, na kwa kuwa alikuwa binti pekee kati ya wanaume, hakuna aliyempunguzia nguvu. Alipofikia umri wa sekondari, familia ilihama kwenda Henrietta kwa sababu shule ya Clarksville haikuwa na timu ya wasichana. Kaka zake walikwenda chuoni kwa ufadhili wa michezo. Yeye, alipokwenda chuo cha Tennessee Martin, alilipiwa ada na wazazi, maana ufadhili wa aina hiyo kwa wasichana haukuwapo.

Kilichobadilisha hali hiyo ni sheria, na ni sheria ambayo haikutungwa kwa ajili ya michezo. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alisaini marekebisho ya sheria za elimu, ambayo kifungu chake cha tisa, kinachojulikana Marekani kama Title IX, kinapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali ya shirikisho. Neno mpira halimo. Hata hivyo karibu kila chuo cha Marekani hupokea fedha hizo, na timu ya chuo ni sehemu ya chuo, kwa hiyo vyuo vilijikuta vikidaiwa kuwapa wanawake viwanja, makocha na ufadhili. Utekelezaji ulichukua miaka na kesi nyingi mahakamani. Summitt aliajiriwa katikati ya kipindi hicho, sheria ikiwa tayari kwenye karatasi na jezi zikiwa bado za fedha za donati.

Hapa ndipo penye fundo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Kabla ya sheria hiyo, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake, wengi wao walimu wa elimu ya viungo waliojitolea. Mashindano yao yaliendeshwa na chama chao wenyewe, AIAW, kilichoanzishwa mwaka 1971 na wanawake waliotaka michezo iwe tawi la elimu kwanza. Sheria ilipoleta bajeti, mishahara ikapanda, wanaume wakaanza kuomba kazi hizo, na idara za michezo za wanawake zikaunganishwa na zile za wanaume chini ya wakurugenzi wanaume. Mwaka 1982 NCAA ilianzisha mashindano yake ya wanawake, na AIAW ikafa. Leo sehemu ya timu za wanawake zinazofundishwa na wanawake, tukihesabu michezo yote, iko chini ya nusu. Sioni kwamba sheria ilikosea. Bila hiyo Summitt asingekuwa na timu ya kufundisha. Lakini anayetaka kuielewa kazi hii lazima ayashike mambo hayo mawili kwa pamoja: mlango uliofunguliwa kwa wachezaji wa kike uliwaachia makocha wa kike nafasi finyu zaidi.

Mechi ya kwanza ya Summitt, Desemba 1974, aliipoteza kwa pointi moja, 84 kwa 83, dhidi ya chuo cha Mercer. Baadhi ya wachezaji wake walikuwa na miaka 21. Siku yake ilikuwa imejaa: alisoma shahada ya uzamili, alifundisha madarasa ya elimu ya viungo, aliongoza mazoezi ya timu, na kisha alifanya mazoezi yake binafsi kwa goti lililokuwa limechanika kano alipokuwa mwanafunzi, kwa sababu alikuwa na nia ya kucheza Olimpiki. Msimu uliisha kwa ushindi mara 16 na kushindwa mara 8. Mwaka 1976 huko Montreal, mpira wa kikapu wa wanawake ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, alikuwa mmoja wa manahodha wa Marekani iliyopata medali ya fedha. Miaka minane baadaye, Los Angeles, aliiongoza timu hiyo kama kocha na kupata dhahabu.

Kwa kawaida ya leo, mtu hupanda ngazi: anacheza, anakuwa msaidizi wa ngazi ya chini, anapanda hadi kocha msaidizi, anapewa chuo kidogo, ndipo chuo kikubwa kinamwita. Summitt hakupanda ngazi kwa kuwa ngazi haikuwapo. Kocha aliyekuwapo alichukua likizo ya masomo, na msaidizi aliyekuwa ameajiriwa juzi akakabidhiwa timu.

Kiini cha kazi ya kocha wa chuo, kwa maoni yangu, kiko sebuleni kwa watu wasiomfahamu kuliko kilivyo uwanjani. Kwa kuwa hanunui wachezaji, lazima awashawishi, na anayeshawishiwa mara nyingi ni mzazi au mlezi kuliko binti mwenyewe. Chamique Holdsclaw, mchezaji bora kuliko wote waliopita mikononi mwa Summitt, alilelewa na bibi yake katika nyumba za kupanga za Astoria, jijini New York. Kila chuo kikubwa kilimtaka. Bibi huyo, mwanamke wa kanisani na mwenye msimamo, alimpenda kocha wa Tennessee kwa sababu hakumwahidi mjukuu wake mteremko. Alimwahidi kazi, masomo na nidhamu. Holdsclaw alikwenda Knoxville na kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1996, 1997 na 1998.

Kisa kingine kinaonyesha jinsi kazi hii inavyomla mtu. Septemba 1990, akiwa na ujauzito uliotimia, Summitt alisafiri kwa ndege ndogo hadi Pennsylvania kumtembelea nyumbani Michelle Marciniak, mmoja wa wachezaji wa sekondari waliotakiwa sana mwaka ule. Uchungu ukamwanza akiwa hapohapo. Badala ya kwenda hospitali ya karibu alimaliza aliyokwenda kuyasema, akapanda ndege kurudi, na hata rubani alipotaka kutua Virginia alikataa, kwa kuwa timu ya Virginia ilikuwa imemtoa mashindanoni miezi michache nyuma na kwa kuwa alitaka mwanawe azaliwe Tennessee. Mtoto alizaliwa Knoxville, salama. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nami siwezi kukicheka kwa urahisi, maana ndani yake yumo mwanamke aliyejua kwamba mpinzani wake mwanaume asingelazimika kuchagua. Marciniak hakumjia moja kwa moja. Alianzia chuo cha Notre Dame, kisha akahamia Tennessee, na mwaka 1996 alichaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano timu hiyo ilipotwaa ubingwa. Ziara ya sebuleni ilizaa matunda yake baada ya miaka mitano na nusu.

Ahadi zinazotolewa sebuleni lazima zitekelezwe, la sivyo bibi wa mwakani hatakukaribisha. Wachezaji wa Summitt walitakiwa kukaa safu tatu za mbele darasani, na aliyekosa kipindi bila ruhusa hakucheza mechi iliyofuata, awe nyota au la. Mazoezini aliwapambanisha na wanafunzi wa kiume waliojitolea, warefu na wenye mbio kuliko mpinzani yeyote ambaye wangekutana naye msimu huo. Katika misimu yote 38, kila mchezaji aliyekamilisha muda wake wa kucheza Tennessee alihitimu shahada. Katika orodha ya mafanikio yake, hilo ndilo ninaloliweka juu, kwa sababu wengi wa mabinti wale hawakucheza tena baada ya chuo; WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, ilianza mwaka 1997 tu, na nafasi zake ni chache.

Sasa zile hesabu zinaweza kusomeka. Summitt alishinda mechi 1,098 na kupoteza 208, na hakukosa mashindano ya NCAA hata mwaka mmoja. Alitwaa ubingwa mara nane: 1987, 1989, 1991, 1996, 1997, 1998, 2007 na 2008. Mwaka wa kwanza katika orodha hiyo ni msimu wake wa 13. Kabla yake alifika nusu fainali mara kwa mara akarudi mikono mitupu, na chuo kikavumilia, kwa sehemu kwa sababu fedha zilizowekwa zilikuwa ndogo na macho ya watu hayakuwa mengi. Isitoshe, ubingwa wenyewe huamuliwa kwa mtoano ambao katika miaka yake ya baadaye ulihitaji ushindi sita mfululizo ndani ya wiki tatu, kwa hiyo rekodi ya msimu na kombe havitembei pamoja siku zote. Msimu wa 1997/98 Tennessee ilishinda mechi zote 39. Msimu uliotangulia ilipoteza kumi, ikadharauliwa, na bado ikatwaa kombe, na wapo wanaoihesabu ile ya mechi kumi kuwa kazi yake bora ya ukocha. Mimi ni mmoja wao.

Mwaka 2006 mkataba mpya ulimfanya kocha wa kwanza wa mpira wa kikapu wa wanawake kuvuka dola milioni moja kwa mwaka. Agosti 2011, akiwa na miaka 59, alitangaza hadharani kwamba amegundulika kuwa na Alzheimer, ugonjwa unaoharibu kumbukumbu, wa aina inayoanza mapema. Alikaa benchi msimu mmoja zaidi, huku wasaidizi wake wakibeba sehemu kubwa ya maamuzi, akang'atuka Aprili 2012 na kufariki Juni 2016.

Baada yake ndipo thamani ya uvumilivu ule wa miaka 13 ilipoonekana. Holly Warlick, aliyekuwa mchezaji wake na kisha msaidizi wake tangu 1985, alipewa timu na kuachishwa mwaka 2019. Kellie Harper, aliyecheza katika timu za ubingwa za 1996 hadi 1998, aliachishwa mwaka 2024. Wote wawili walikuwa wakishinda mechi nyingi kuliko walizopoteza. Ila tangu 2008 Tennessee haijafika nusu fainali, na chuo kinacholipa mamilioni hakisubiri kama kilivyosubiri kilipokuwa kinalipa dola 250.

Wakati huohuo kitovu cha mchezo kilihamia South Carolina. Dawn Staley, mtoto wa Philadelphia, alikuwa mchezaji wa timu ya Chuo Kikuu cha Virginia iliyopoteza fainali ya 1991 mbele ya Tennessee ya Summitt, 70 kwa 67 katika dakika za nyongeza, na bado akachaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho. Alishinda dhahabu ya Olimpiki mara tatu akiwa mchezaji, ya kwanza mwaka 1996 huko Atlanta, ambako kundi la Marekani lilikuwa pia na Zaire ya Mwadi Mabika wa Kinshasa. Mwaka 2000 chuo cha Temple kilimpa ukocha mkuu akiwa bado anacheza WNBA, na 2008 akahamia South Carolina, ambako ametwaa ubingwa wa 2017, 2022 na 2024.

Staley aliongeza upande ambao simulizi la Summitt haliugusi. Wachezaji wengi wa mchezo huu ni Wamarekani weusi, lakini makocha wakuu weusi walibaki wachache. C. Vivian Stringer aliifikisha Cheyney, chuo kidogo cha kihistoria cha watu weusi, kwenye fainali ya kwanza kabisa ya NCAA mwaka 1982, akavifikisha nusu fainali vyuo vitatu tofauti, na kustaafu bila ubingwa. Wa kwanza kuupata miongoni mwa wanawake weusi alikuwa Carolyn Peck, aliyewahi kuwa msaidizi wa Summitt, akiwa na chuo cha Purdue mwaka 1999. Mabingwa wana desturi ya kupanda ngazi na kuukata wavu wa goli kwa mkasi. Mwaka 2015 Peck alimpa Staley kipande cha wavu wake wa 1999 kama deni la kulipwa kwa kuwapa wengine watakaofuata, na Staley alipotwaa ubingwa aliukatakata wavu wake mwenyewe, na mwaka 2021 akawatumia kwa posta vipande vyake makocha wakuu wanawake weusi wa daraja la kwanza, mmoja mmoja.

Fedha za leo zinatokana na watazamaji. Fainali ya 2024 kati ya South Carolina na Iowa ilitazamwa na karibu watu milioni 19 kwenye televisheni ya Marekani, na kwa mara ya kwanza ikaipita fainali ya wanaume. Hata hivyo hadi mwaka huo chuo kilichoshinda mechi katika mashindano ya wanawake hakikupata mgawo wowote wa fedha kutoka NCAA, wakati wanaume walikuwa wakipata tangu 1991. Mfuko wa wanawake ulipitishwa Januari 2025. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo, wanaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na tangu katikati ya 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kwa kocha, maana yake ni kwamba usajili haumaliziki binti anaposaini. Kila majira ya kuchipua anawasajili upya wachezaji wake mwenyewe. Nina furaha kwamba wanalipwa, kwa kuwa jasho ni lao. Nina wasiwasi kwamba kiapo cha kuhitimu, kile alichopewa bibi wa Astoria, ni kigumu kutimizwa kwa mchezaji anayepita vyuo vitatu katika miaka minne.

Tennessee, baada ya Harper, ilimwajiri Kim Caldwell, ambaye hakuwahi kucheza wala kufanya kazi chini ya Summitt. Alikuwa amepanda ngazi hatua kwa hatua: chuo kidogo cha Glenville State alikosoma, ubingwa wa daraja la pili mwaka 2022, msimu mmoja katika chuo cha Marshall. Januari 2025, katikati ya msimu wake wa kwanza Knoxville, alijifungua mtoto wa kiume. Alikosa mechi moja. Wiki moja baada ya kujifungua alikuwa amesimama kwenye mstari wa pembeni, katika uwanja wenye sakafu iliyopewa jina la Summitt, na aliyekuwa benchi la wageni ni Dawn Staley.